Nafanya karatasi za mazoezi kila siku, mbona alama za Kiingereza hazipandi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Najiandaa kwa mtihani wa ushindani wenye sehemu kubwa ya Kiingereza: sarufi, msamiati na ufahamu, maswali yote ya kuchagua jibu. Kwa miezi saba nimefanya karatasi za mazoezi zaidi ya 80 na orodha ya maneno 1,000 nimeipitia mara mbili, lakini alama zangu zimeganda kati ya 55 na 60 kwa 100. Sheria za sarufi ukiniuliza nazitaja. Zimebaki wiki 12, na kwa sababu ya kazi napata saa mbili tu kwa siku. Nakosea wapi? Na siku ya mtihani, maswali nisiyoyajua nibahatishe au niyaache? Kuna sentensi moja imenisumbua mno: “Each of the players / who was selected / has received / a letter.” Nilitakiwa kutaja sehemu yenye kosa, nikachagua ya tatu, nikakosa. Mpaka leo sielewi kwa nini.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa uchovu. Nianze na sentensi yako, maana karibu kila nitakachokuambia kimo ndani yake.

Ulichagua “has received” kwa sababu jicho liliona “players”, watu wengi, kisha likakutana na “has” ya mtu mmoja, likashtuka. Sasa itamke sentensi hiyo kwa Kiswahili, bila haraka: “Kila mmoja wa wachezaji waliochaguliwa amepokea barua.” Umesikia? Hukusema “aliyechaguliwa”, na hukusema “wamepokea”. Ulimi wako umepatanisha kila kiambishi na mwenyewe: waliochaguliwa ni wachezaji, wengi, amepokea ni kila mmoja, peke yake. Kiingereza kinataka hivyo hivyo: “Each of the players who were selected has received a letter.” Kosa lilikuwa sehemu ya pili, na jibu ulikuwa nalo kinywani tangu utotoni.

Nimefundisha Kiingereza cha mitihani kwa miaka mingi. Wanaokuja wakiwa wamekwama pale ulipokwama wewe huwa hawana upungufu wa sheria. Wanahesabu karatasi walizofanya, makosa waliyofanya hawayahesabu. Tena wengi waliaminishwa mapema kwamba Kiingereza kitaingia siku watakapokisahau Kiswahili, kwa hiyo hawajawahi kukaa chini wakajiuliza ni wapi Kiswahili kinawapotosha na ni wapi kingewaokoa. Karatasi 80 ni nyingi mno, ndugu yangu. Kupima joto mara 80 hakushushi homa.

Kwa hiyo, wiki tatu za mwanzo usiguse karatasi mpya hata moja. Chukua kumi za mwisho ulizokwisha kufanya, zile zenye majibu, na ununue daftari litakalokuwa la makosa tu. Kama kila karatasi ilikuwa na maswali 50 na wewe hupata kama 58 kwa 100, basi kila moja imekuachia makosa 21 hivi. Karatasi kumi, makosa 210. Hiyo ndiyo hazina yako, na mpaka sasa umekuwa ukiitupa.

Kila kosa liandike hivi: sentensi nzima, ulichochagua, kwa nini ulikichagua, kilicho sahihi. Hilo la tatu ndilo linalouma na ndilo lenye dawa. Usiandike “nilisahau” au “uzembe”. Andika kilichopita kichwani wakati ule. Mfano: “If I would have known, I would have come earlier.” Nilisema haina kosa. Kwa nini? Kwa sababu kichwani nilisikia “ningelijua, ningelikuja mapema”, -ngeli- huku na -ngeli- kule, nikaona “would have” mbili zimepatana vizuri. Sahihi: “If I had known, I would have come earlier.” Kiswahili kinaweka sharti na jibu katika vazi moja, Kiingereza kinayavisha mavazi tofauti, na “would” haikai upande wa “if” katika sentensi ya namna hii. Ukishaliandika kosa hilo mara moja kwa ukamilifu huo, mwenzake utamtambua kwa mbali.

Ukimaliza kuyaandika, yapange kwa koo. Hapo ndipo wanafunzi wangu huwa wanashusha pumzi, maana makosa 210 hujikusanya kwenye koo saba au nane tu. Sijui zako ni zipi, daftari litakuonyesha, lakini kwa msemaji wa Kiswahili kuna koo ambazo nakutana nazo kila mwaka, na nitakutajia zilizo kubwa ili uanze kuzitafuta.

Ukoo mkubwa kuliko yote ni wa -me-. Tulifundishwa kwamba -me- ni “have” au “has”, na mara nyingi ni kweli: “amefika” ni “he has arrived”. Lakini Kiswahili huruhusu “nimemwona jana”, na Kiingereza kinakataa kabisa “I have seen him yesterday”. Ukitaja wakati uliokwisha, jana, mwaka jana, 2010, ile “have” inaondoka: “I saw him yesterday”. Kisha kuna -me- ya hali, ambayo ndiyo mtego hasa. “Mtoto amelala” hakumaanishi “the child has slept”. Ni “the child is sleeping”. “Amesimama mlangoni” ni “she is standing at the door”. “Amevaa kofia” ni “he is wearing a hat”. Jiulize: ninazungumzia tendo lililokwisha, au hali ambayo mtu yumo sasa hivi? Na upande wa pili wa ukoo huo huo: sisi husema “naishi hapa tangu 2015”, kitenzi cha sasa kabisa, na Kiingereza pale ndipo kinapodai “have”: “I have lived here since 2015”. Watunga mitihani wanalipenda sana swali hilo, na hulikoleza kwa kubadilisha “since” na “for”. “Since” hufuatwa na mahali wakati ulipoanzia, “for” hufuatwa na urefu wake. “Since ten years” ni kosa, kila mara.

Ukoo wa kirejeshi ni mdogo lakini unakera. Sisi husema “kitabu nilichokisoma”, na ile -ki- ya pili hukirudia kitabu bila kosa lolote. Ukiihamisha unapata “the book which I read it”, na “it” hiyo haina kazi. Ukiona “which”, “that” au “whom”, tazama kama mbele yake pameachwa “it” au “him” inayorudia kitu kile kile.

“Kuliko” nayo. Kwetu inafanya kazi zote za kulinganisha, kwa hiyo mkono hukimbilia “than” popote. “Napendelea kusoma kuliko kuandika” ni “I prefer reading to writing”. “Senior”, “junior”, “superior” na “inferior” zote hufuatwa na “to”. Ndugu yake ni “zaidi”, inayozaa “more better”, wakati “better” peke yake inatosha. Na “ingawa… lakini”, ambayo kwetu ni lugha safi, Kiingereza huikataa: ukianza na “although”, “but” haina nafasi.

Vihusishi, yaani “in”, “on”, “at”, “for” na wenzao, ni shimo refu na sitakudanganya kwamba kuna sheria moja. Lakini sababu ya makosa yetu inajulikana. Kiswahili huficha mengi ndani ya kitenzi: “nisubiri” ina mtu ndani yake, na “sikiliza muziki” haihitaji kitu katikati, wakati Kiingereza kinadai “wait for me” na “listen to music”. Kisha tukishazoea kuongeza, tunaongeza hata pasipotakiwa: “discuss about”, “enter into the room”, “request for help”, “married with her”, “resembles with his father”. Vitano hivyo, vikiwa vitenzi, havihitaji chochote: “discuss the matter”, “enter the room”, “request help”, “married her”, “resembles his father”. Angalia “fanana na” ilivyochangia hilo la mwisho. Usijifunze kihusishi peke yake. Jifunze kitenzi na kihusishi chake kama jina moja, au kitenzi na ukimya wake.

Kuhusu vile vijineno “a” na “the”, ambavyo sisi hatuna, wengi wameniambia wanabahatisha tu. Kuna njia ya kuanzia. Linganisha “nimeona kitabu” na “nimekiona kitabu”. La kwanza ni kitabu fulani tu, msikilizaji hakijui. La pili, mara nyingi, ni kile tulichokuwa tukikizungumzia. La kwanza hukaribia “a book”, la pili “the book”. Haitajibu kila swali, maana mito na bahari zina “the” zake za kukariri, lakini ukijiuliza “msomaji anakijua kitu hiki tayari?” utapata zaidi ya unavyopata sasa. Kabla ya hapo hakikisha nomino inahesabika. “Information”, “advice”, “furniture”, “luggage”, “equipment” na “evidence” hazina wingi na hazipokei “a”. “Vifaa” vyetu viko katika wingi, ndiyo maana “equipments” inatutoka bila kushtuka.

Sasa nirudi kwenye upatanisho, maana hapa ndipo nataka ujiamini. Mzungumzaji wa Kiswahili hupatanisha siku nzima. “Sanduku la barua za zamani limepotea”: huwezi kusema “zimepotea” hata usingizini kama kilichopotea ni sanduku. Basi ukikutana na “The box of old letters were lost”, tamka kwa Kiswahili na usikilize kiambishi cha kitenzi. “A number of” na “the number of”, zinazoangusha watu wengi? “Watahiniwa kadhaa wamefika”: wengi, kwa hiyo “a number of candidates have arrived”. “Idadi ya watahiniwa imeongezeka”: idadi ni moja, kwa hiyo “the number of candidates has increased”. Na ile ngumu kuliko zote: “She is one of the teachers who know the answer”. “Ni mmoja wa walimu wanaojua jibu”. Wanaojua, wengi. Lakini “She is the only one of the teachers who knows”: “ndiye pekee kati ya walimu anayejua”. Umeona kiambishi kilivyobadilika chenyewe?

Silaha hiyo ina mipaka, na lazima uijue kabla hujaitumia. “Mwalimu pamoja na wanafunzi wake wamefika” kwetu ni sawa, ila Kiingereza hukiangalia kiima cha kwanza tu: “The teacher, together with his students, has arrived”. Vivyo hivyo “as well as”. Nomino zetu zisizobadilika katika wingi, kama “habari”, hazitakusaidia. “News” ni umoja, basi. Na “either… or” pamoja na “neither… nor” hufuata nomino iliyo karibu na kitenzi: “Neither the teacher nor the students were present”. Andika mipaka hiyo mitatu kwenye jalada la ndani la daftari.

Kuna maswali ambayo hayataki akili, yanataka kumbukumbu: “no sooner” huenda na “than”, “hardly” na “scarcely” huenda na “when”, “lest” huenda na “should”. Ni jozi chache. Zikariri jioni moja, uendelee na mengine.

Tuje kwenye msamiati. Umesema umepitia orodha ya maneno 1,000 mara mbili. Nakuamini, na naamini pia kwamba mengi yamekutoka, kwa sababu kupitia na kukumbuka ni kazi mbili tofauti. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni kisha hupungua. Na mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lilichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza. Baada ya wiki moja, wao walikumbuka kama asilimia 40, na wale waliojipima kama asilimia 61. Mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kwa hiyo acha orodha, tengeneza kadi. Zikate ndogo, neno moja kwa kadi, na zisizidi kumi mpya kwa siku. Mbele usiandike neno. Andika sentensi yenye pengo. Nikuonyeshe kadi moja kwa ukaribu. Mbele: “He was ______ to sign the paper before reading it.” Chini yake, herufi ya kwanza tu: r. Nyuma: “reluctant”, mwenye kusitasita, asiyetaka sana. Kisha jirani zake: hufuatwa na “to” na kitenzi, nomino yake “reluctance”, kielezi “reluctantly”, visawe “unwilling” na “hesitant”, kinyume “eager” na “willing”. Mwisho, sentensi yako mwenyewe kuhusu jambo la kweli la maisha yako. Kadi hiyo moja imekujibia swali la kisawe, la kinyume, la kujaza nafasi na la umbo la neno. Maneno 400 yaliyoshikwa namna hiyo yatakulipa kuliko 1,000 yaliyopita mbele ya macho.

Kuzirudia, tumia sanduku la vyumba, njia ambayo Sebastian Leitner aliieneza miaka ya 1970. Kadi zote huanzia chumba cha kwanza, kinachorudiwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi inasogea chumba cha pili, kila siku ya tatu. Kisha cha tatu, kila wiki. Ukikosea, inarudi chumba cha kwanza hata kama ilikuwa imefika mbali. Kuna programu za simu zinazofanya kazi hiyo hiyo, na ni nzuri, mradi kadi uziandike mwenyewe. Kadi alizoandika mtu mwingine hazina alama ya mkono wako, na kuandika ni nusu ya kukumbuka.

Maneno gani? Usianze na yale ya kutisha ambayo watu hutumiana ili kuonyesha ujuzi. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya koo 570 za maneno ya kitaaluma, ukoo mmoja ukiwa neno pamoja na maumbo yake, kama “analyse”, “significant” na “consequence”. Maneno ya orodha hiyo ya pili yamejaa kwenye vifungu vya ufahamu. Pitia koo hizo 570 kwanza, uweke alama yale tu usiyoweza kuyatumia katika sentensi. Maneno adimu yatatoka kwenye karatasi zako ulizokosa, kwa sababu hayo ndiyo watunzi wa mtihani wako wanayoyapenda.

Maswali ya visawe yana chanzo chake, na ukikijua yanapungua ugumu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kiliketi juu ya lugha ya wenyeji, na Kilatini nacho kiliingia kupitia kanisa na elimu. Ndiyo maana Kiingereza kina “ask” na “inquire”, “begin” na “commence”, “help” na “aid”: la kwanza la nyumbani, la pili la wageni, maana karibu moja. Kwetu pia sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu na zimeketi pamoja na tano, nane na kumi bila ugomvi. Ukijifunza neno refu la Kilatini, litafutie ndugu yake mfupi. Mara nyingi huyo mfupi ndiye jibu. Mizizi inasaidia: “spect” ni kutazama, kwa hiyo “inspect”, “spectator” na “retrospect” zinajifungua zenyewe. Usiitegemee pekee, hata hivyo. “Inflammable” ni kitu kinachoshika moto upesi, sawa na “flammable”, na “invaluable” ni cha thamani kubwa mno. Watunzi wanajua kwamba utaiona ile “in” na kudhani ni kanusho.

Semi na vitenzi vyenye vijineno nyuma yake, kama “put off” na “put out”, wengi huvikata vipande na kutafsiri kila kipande. Fikiria “piga”. Piga simu, piga picha, piga pasi, piga deki: hakuna anayepigwa. Mgeni akitafuta “piga” peke yake kwenye kamusi atapotea. “Put” ni hivyo hivyo. “Put off” ni ahirisha, “put out” ni zima moto, “put up with” ni vumilia, kila moja ni neno kamili. Vijineno hivyo vinafanya kazi inayofanana na ile ya mikia ya vitenzi vyetu, vile “funga” inavyokuwa “fungua” na “fungia”. Viandike kwenye kadi kama neno moja na usiwaze tena habari ya “put” peke yake.

Kuhusu saa zako mbili. Dakika 20 za mwanzo, kadi, ukiwa bado na nguvu. Kisha kama dakika 40 za ukoo mmoja wa makosa: soma sheria yake mara moja, fanya maswali yake, halafu changanya na ya koo nyingine, kwa sababu mtihani hautakutangazia kwamba swali linalofuata ni la “since”. Nusu saa soma kitu cha kweli kilichoandikwa vizuri, tahariri au makala ya sayansi, na aya moja uisome kwa sauti. Kusoma kwa sauti ndiko kunakojenga lile sikio linalosema “hapa pana kitu” kabla hujajua ni kitu gani. Muda uliobaki, maswali machache kwa saa mkononi. Kuanzia wiki ya nne, karatasi moja nzima kwa wiki, mbili ukifika wiki ya nane, na siku inayofuata kila karatasi iwe ya daftari tu. Siku usiyopata saa mbili, fanya kadi peke yake, hizo zisikose.

Kuhusu ufahamu, na maswali ya kupanga sentensi zilizovurugwa kama yamo kwenye mtihani wako, sina mengi ya kukuambia, maana mara nyingi hupanda zenyewe msamiati ukipanda. Katika kupanga sentensi, tafuta iliyotaja kitu kwa “a”, kwa kawaida hutangulia ile inayokitaja kwa “the” au “it”. Na inayoanza na “however” kwa kawaida haiwi ya kwanza. Katika ufahamu, jihadhari na jibu ambalo ni kweli duniani lakini kifungu hakikulisema. Weka kidole kwenye mstari unaolithibitisha. Usipouona, si jibu.

Sasa swali lako la mwisho. Kubahatisha kunategemea adhabu, kwa hiyo soma maelekezo ya mtihani wako leo, usisubiri siku yenyewe. Kama kosa halikatwi alama, jaza kila nafasi. Kama kuna majibu manne na kosa hukatwa robo alama, chukua maswali 12 usiyoyajua kabisa: kwa wastani utapata 3 sawa na 9 makosa, yaani 3 toa 2.25, unabaki na 0.75. Faida ni ndogo, na kwa bahati mbaya inaweza kugeuka hasara. Kama hukatwa theluthi, ni 3 toa 3, unatoka mikono mitupu, na muda umeupoteza. Lakini ukiweza kuondoa jibu moja kwa uhakika, hesabu inabadilika. Sasa kwa maswali 12 utapata 4 sawa na 8 makosa: kwa adhabu ya robo unabaki na 2, kwa theluthi unabaki na kama 1.33. Kwa hiyo, iwe adhabu ni robo au theluthi, nasema hivi: usipoweza kuondoa hata jibu moja, ruka. Ukiondoa moja, jibu. Ukiondoa mawili, jibu bila kusita.

Na katika maswali ya kutafuta kosa, kama ile sentensi yako, kabla hujaondoa chochote, itamke kwanza moyoni kwa Kiswahili, usikilize nani amepatanishwa na nani. Ukimaliza kupanga koo zako, niandikie zile tatu zilizokusanya makosa mengi zaidi, na sentensi mbili mbili kutoka kila moja. Nitakujibu kwa hizo.